Printa Iliyotoweka na Folda Iliyofungwa: Uchambuzi wa Kisa cha Kusasisha Windows katika Steshenari Moja ya Kirumba

Steshenari inayochambuliwa hapa iko Kirumba, jijini Mwanza, kando ya njia inayoelekea soko la Mwaloni, na sehemu kubwa ya wateja wake ni wafanyabiashara wa dagaa na samaki wakavu. Huingia asubuhi wakiwa na picha za nyaraka kwenye simu, madaftari yenye hesabu za magunia, na haraka ya watu ambao mzigo wao umeshapakiwa kwenye gari la kwenda Rwanda, Burundi au Kongo. Wanachotaka ni barua ichapwe, orodha ya mzigo ipangwe vizuri, kibali kitolewe nakala, kisha waondoke. Katika ofisi ya namna hiyo kompyuta haipimwi kwa uzuri wa skrini yake, bali kwa wateja waliotoka mlangoni wakiwa na karatasi zao mkononi kabla jua halijawa kali.

Ofisi ina kompyuta tatu za mezani. Mbili zilitumika kwanza katika ofisi za ng'ambo, zikakarabatiwa na kuletwa nchini. Zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na Windows 11 ya daraja la Pro. Moja inakaa kaunta, ambako kijana wa kuchapa hupokea wateja, na nyingine iko chumba cha nyuma, ambako mwenye ofisi hufanyia hesabu zake. Ya tatu ni kongwe zaidi, ina prosesa ya kizazi cha 6, inatumia Windows 10, na kazi yake kubwa ni kuskani. Zote tatu hutumia printa moja ya leza iliyounganishwa na ruta kwa waya, na zote hufungua folda moja iitwayo KAZI ZA LEO, iliyo kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye ruta hiyo hiyo. Folda haikuwa na nywila. Aliyeiweka miaka iliyopita aliiacha wazi ili yeyote aliyemo ofisini aifungue bila kuulizwa chochote, na kwa muda wote huo hakuna aliyeona ubaya wake.

Suala la kusasisha lilianza kwa habari ambayo mwaka 2025 ilikuwa imeenea hata kwa watu wasiofuatilia mambo ya kompyuta, kwamba Windows 10 ingeacha kupewa masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa ile kompyuta kongwe habari hiyo haikuwa na suluhisho la moja kwa moja, maana Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka prosesa mpya kuliko ile na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kilichosahaulika katika mazungumzo mengi ni kwamba hata Windows 11 yenyewe ina matoleo yanayofikia ukomo. Kompyuta mbili za ofisi hii zilikuwa kwenye toleo la 23H2, ambalo kwa daraja la Pro lilikuwa likomeshwe tarehe 11 Novemba 2025. Kuzipandisha kwenye toleo la 24H2, lililoanza kutolewa tarehe 1 Oktoba 2024, hakukuwa anasa wala udadisi wa kijana, bali jambo ambalo lingelazimika kufanyika mwaka huo huo kwa vyovyote.

Usasishaji wenyewe ulifanyika Jumapili mchana mwezi Septemba, na ulikwenda salama. Ni gigabaiti kadhaa za kupakua, na kwa ofisi inayotumia intaneti ya bando hilo lingekuwa tatizo la kwanza, ila Windows ina mpangilio unaoruhusu kompyuta moja ipakue na nyingine iliyo kwenye mtandao huo huo wa ndani ichukue vipande kutoka kwa mwenzake. Mpangilio huo uliwashwa, na zote mbili ziliwekwa kwenye UPS ili umeme ukikatika zisizimike katikati ya kazi. Hadi hapo utaratibu ulikuwa mzuri kuliko wa ofisi nyingi kubwa.

Jioni ile, mwenye ofisi alipokuwa akifunga, kijana aliomba abaki kidogo aone mambo mapya. Alikubaliwa kwa sharti moja: "Hiyo ya kwangu ya nyuma usiiguse, mwanangu, ina hesabu za watu." Sharti hilo lilitolewa kwa kuhofia hesabu, wala halikuwa na nia yoyote ya kitaalamu, lakini ndilo lililokuja kuokoa uchunguzi wa siku iliyofuata.

Kijana akaketi kwenye kompyuta ya kaunta na kuanza kujaribu. Alifungua kila sehemu ya mipangilio aliyoiona ngeni. Aliwasha hali ya kuokoa nishati, ambayo sasa inapatikana hata kwenye kompyuta za mezani. Alipanga upya vitufe vya mipangilio ya haraka. Katika sehemu ya hifadhi alikuta kompyuta ikimwonyesha mafaili ya muda yanayoweza kufutwa, akafuta yote yaliyokuwa na ukubwa wa kutisha, jambo lililompatia nafasi kubwa kwenye diski na kumfurahisha sana. Katika sehemu ya printa alikuta kitu kipya kabisa, hali ya uchapishaji inayolindwa na Windows. Jina lenyewe liliahidi ulinzi, naye akaona ofisi inayoshika nyaraka za watu inastahili ulinzi. Onyo likajitokeza likisema kwamba baadhi ya printa zingeweza kuondolewa. Akalikubali kama wengi wetu tunavyokubali maonyo, huku macho yakiwa yameshatangulia kwenye kitu kinachofuata. Printa yenyewe ilikuwa imezimwa na hakukuwa na kazi ya kuchapisha, kwa hiyo hakuna kilichoonekana kuharibika.

Jumatatu asubuhi mteja wa kwanza alileta orodha ya magunia yake. Kijana aliichapa, akataka kuihifadhi kwenye KAZI ZA LEO, folda ikakataa kufunguka. Akaamua kuichapisha hivyo hivyo, akakuta printa haimo kwenye orodha. Mwenye ofisi alipokwenda kwenye kompyuta yake ya nyuma kutafuta barua ya Jumamosi, naye folda ikamkatalia. Wateja wakaanza kusimama hadi nje. "Mama, sasisho limekata mtandao," kijana alisema, na kauli hiyo, kwa jinsi ilivyoonekana kuwa na akili, ndiyo iliyompotosha kila mtu kwa muda.

Kauli hiyo ilivutia kwa sababu printa na diski vyote vilikuwa kwenye ruta moja na vyote vilipotea asubuhi moja, mara tu baada ya tukio moja kubwa. Mtu yeyote mwenye busara ya kawaida angetafuta chanzo kimoja, na fundi alipofika alifanya hivyo hivyo. Aliizima ruta na kuiwasha, akabadilisha waya, akaangalia kama kompyuta zinapata intaneti. Zilipata. Kompyuta kongwe ya Windows 10 ilifungua folda na kuchapisha bila shida yoyote, hivyo ruta, diski na printa vyote vilikuwa vizima. Hapo palipaswa kuwa mwisho wa dhana ya mtandao, lakini dhana iliyoshaingia kichwani haitoki kwa ushahidi mmoja tu.

Dhana ya pili ilizaliwa na ujumbe wa kosa wenyewe. Folda ilipokataa, Windows ilieleza kwamba sera za usalama za taasisi yako zinazuia kuingia kama mgeni asiyethibitishwa. Sasa, ofisi hii haina taasisi wala sera. Ina mama mmoja na kijana mmoja. Fundi akakumbuka kwamba kompyuta hizi zilikuwa mali ya kampuni fulani ng'ambo kabla ya kuuzwa, akadhani kampuni hiyo bado inazishikilia kwa mbali na kwamba sasisho limeamsha kamba ya zamani. Si dhana ya kipuuzi, kwa kuwa kompyuta zilizotumika ofisini wakati mwingine huja na masalia ya usimamizi wa wenyewe wa zamani. Njia ya kuithibitisha au kuiondoa ni nyepesi: katika mipangilio ya akaunti kuna sehemu inayoonyesha kama kompyuta imeunganishwa na kazi au shule yoyote. Fundi aliifungua kwenye kompyuta zote mbili, akaikuta tupu. Neno taasisi katika ujumbe ule huandikwa hata pale ambapo sera inayozungumzwa ni chaguo-msingi, yaani mpangilio unaokuja na mfumo endeshi wenyewe, na mimi naona ni uandishi mbaya wa ujumbe, kwa sababu unamwelekeza mtu wa nyumbani au wa duka dogo kumtafuta bwana ambaye hayupo.

Kilichovunja kifundo ni kompyuta ya nyuma. Fundi aliagiza ichapishe ukurasa wa majaribio, ikachapisha. Hapo mambo yakajipanga yenyewe. Kompyuta kongwe, isiyosasishwa wala kujaribiwa chochote, ilikuwa na vyote viwili, yaani folda na printa. Kompyuta ya nyuma, iliyosasishwa lakini haikuguswa, ilikuwa na printa bila folda. Kompyuta ya kaunta, iliyosasishwa na kujaribiwa, haikuwa na hata kimoja. Ikiwa ni hivyo, folda ilipotea kwa sababu ya sasisho na printa ilipotea kwa sababu ya majaribio. Vyanzo viwili tofauti vilivyogongana katika asubuhi moja vikajifanya kimoja. Laiti kompyuta zote mbili zingejaribiwa jioni ile, tofauti hiyo isingeonekana kabisa, na nina hakika fundi angeshauri mfumo endeshi uwekwe upya kuanzia mwanzo, ushauri ambao mafundi wengi huutoa wanapochoka.

Tuanze na folda, kwa kuwa ndiyo yenye somo gumu zaidi. Kompyuta za Windows hushirikiana mafaili kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo SMB. Katika toleo la 24H2, daraja la Pro liliwekewa masharti mawili ambayo awali hayakuwa chaguo-msingi. Sharti la kwanza ni kwamba kila mawasiliano ya SMB yatiwe saini ya kidijitali, ili kompyuta iwe na uhakika kwamba inachopokea kimetoka kwa yule inayedhani inazungumza naye na hakijabadilishwa njiani. Sharti la pili ni kwamba kompyuta isikubali kuingia mahali kama mgeni asiye na nywila. Masharti haya yanashikana, kwa kuwa saini hutengenezwa kutokana na utambulisho wa mtumiaji, na mgeni hana utambulisho. Anayeingia bila nywila hawezi kutia saini hata akitaka. Madaraja ya Enterprise na Education yalikuwa yamezuia wageni wa namna hii tangu mwaka 2017, mwaka ule ule ambao programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani kupitia udhaifu wa toleo la kwanza la SMB. Pro ilifuata baadaye, na daraja la Home halikuwekewa ukali huo.

Kwa hiyo ofisi hii iliangukia penye makutano ya mambo mawili ya kawaida kabisa katika mji wetu, kompyuta zilizotumika, ambazo mara nyingi huja na Pro kwa sababu zilikuwa za ofisi, na folda iliyoachwa wazi kwa ajili ya urahisi. Jirani mwenye kompyuta mpya ya dukani yenye daraja la Home angeweza kusasisha siku hiyo hiyo asione lolote, kisha akamcheka mwenzake kwa kudhani hajui kutumia kompyuta. Mabadiliko haya hayakuwa siri, ila hayakuwa katika yale yanayotangazwa kwa picha za kupendeza mtu anapomaliza kusasisha. Vipengele vipya huja na maelezo na mishale ya kukuonyesha pa kubofya, na masharti mapya huja kimya kimya, ukayagundua mlango ukishafungwa.

Njia za kurekebisha zilikuwa mbili. Ya kwanza, ambayo kijana alikuwa ameshaipata kwenye video, ni kuiamuru kila kompyuta iache kudai saini na ikubali tena wageni. Ni amri chache, inachukua dakika, na folda inarudi kama zamani. Ya pili ni kuondoa sababu yenyewe kwa kuihamishia folda mahali penye mtumiaji na nywila. Ruta ile kongwe ilikuwa na uwezo mdogo wa kuweka nywila na haikuonyesha dalili ya kuweza kutia saini, kwa hiyo fundi alipendekeza folda ihamie kwenye kompyuta ya nyuma, itengenezewe akaunti maalumu ya kushirikiana mafaili, na kompyuta nyingine mbili zihifadhi nywila hiyo mara moja tu. Windows 10 haikuwa kikwazo, kwa sababu hutia saini inapodaiwa na upande wa pili.

Mwenye ofisi alipendelea kwanza ile njia fupi, na mtu aliye na foleni mlangoni halaumiwi kwa hilo. Kilichombadilisha mawazo ni swali la fundi kuhusu wateja wanaopewa nywila ya Wi-Fi ili watume picha zao. Mteja yeyote aliyeunganishwa na ruta ile angeweza, kwa simu yake tu, kufungua KAZI ZA LEO na kusoma vibali, namba za mlipakodi na mikataba ya wenzake. Hali hiyo ilikuwepo miaka yote. Sasisho ndilo lililoifichua. Folda ikahamishwa adhuhuri, baada ya foleni kupungua. Asubuhi ile kazi zilikwenda kwa flashi, kijana akichapa kaunta na kukimbiza faili chumba cha nyuma, njia ya kale isiyohitaji saini ya mtu.

Suala la printa lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulirudisha. Kwa kawaida Windows huzungumza na printa kupitia draiva, programu ndogo iliyotengenezwa na kampuni ya printa. Draiva hizo zimekuwa mlango wa matatizo ya usalama kwa muda mrefu, kwa kuwa hupewa mamlaka makubwa ndani ya mfumo, na udhaifu uliopewa jina la PrintNightmare mwaka 2021 uliwaonyesha wengi jinsi huduma ya uchapishaji inavyoweza kutumiwa kuiteka kompyuta nzima. Hali mpya ya uchapishaji unaolindwa huziondoa draiva zote za nje na kubakiza ile ya Windows yenyewe, inayofanya kazi na printa zilizothibitishwa kwa viwango vya Mopria, muungano wa watengenezaji wa printa. Printa mpya nyingi zina uthibitisho huo. Printa ya leza ya Kirumba, ambayo ilikuwa ikichapisha tangu enzi za Windows 7, haikuwa nao. Hali ilipowashwa, draiva yake iliondolewa kama onyo lilivyosema, na hali ilipozimwa tena Jumatatu, printa haikujirudisha. Ilibidi draiva ipakiwe upya kutoka kwenye flashi ya fundi.

Kipengele hicho huja kikiwa kimezimwa, na kwa maoni yangu hicho ni kipengele kizuri kilichokutana na printa isiyo yake. Kwa ofisi inayopanga kununua printa, uthibitisho wa Mopria ni jambo la kuuliza dukani kabla ya kuuliza bei ya wino. Kwa ofisi yenye printa kongwe inayofanya kazi vizuri, kitufe hicho kiachwe kilivyo.

Katikati ya purukushani ile, mwenye ofisi aliuliza swali ambalo kila mtu huliuliza: "Fundi, si uirudishe tu ilivyokuwa?" Windows hutoa nafasi hiyo. Kwa siku 10 baada ya kupanda toleo, mfumo wa zamani huhifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, na mtu anaweza kurudi nyuma bila kupoteza mafaili yake. Kwenye kompyuta ya kaunta kitufe cha kurudi kilikuwa kimefifia, hakibofyeki. Yale mafaili makubwa ya muda ambayo kijana aliyafuta Jumapili jioni, akafurahia nafasi aliyopata, yalikuwa na usakinishaji wa Windows wa awali ndani yake.

Hapa ndipo ninapoona kosa halisi la utaratibu, na silioni katika udadisi wa kijana. Kati ya vitu vyote alivyojaribu, vingi vinarudishika kwa mbofyo mmoja: hali ya kuokoa nishati, mpangilio wa vitufe, hata ile hali ya uchapishaji, ingawa kwa jasho kidogo. Kimoja tu hakirudishiki, nacho ndicho kilichokuwa kikilinda vingine vyote. Kusafisha diski kulipaswa kuwa jambo la mwisho kabisa, baada ya ofisi kufanya kazi zake zote za kawaida kwenye toleo jipya na kuridhika. Mpangilio wa majaribio ulifuata macho, yaani kilichoonekana kwanza kikajaribiwa kwanza, wakati ulipaswa kufuata swali la kama kitu hicho kinaweza kurudishwa.

Ingekuwa si haki kuandika kana kwamba majaribio yale yalileta hasara tupu. Kitu kilichobadilisha kazi ya kaunta kilikuwa ndani ya programu ya kunasa skrini, Snipping Tool, ambayo kijana alikuwa akiitumia siku zote kwa picha tu. Sasa unaponasa sehemu ya skrini, kuna kitufe kinachotambua maandishi yaliyomo kwenye picha na kukuruhusu kuyanakili. Kwa steshenari hii hilo ni jambo kubwa, maana nusu ya asubuhi huliwa na kuchapa upya barua ambazo mteja amezipiga picha kwa simu na kuzituma kwa WhatsApp. Barua ya ukurasa mmoja iliyochapwa vizuri inanakiliwa, inabandikwa, inasahihishwa, imekwisha.

Kusahihisha ndiko kwenye kazi, lakini. Katika barua ya kwanza ya kweli iliyofanyiwa hivyo, maandishi ya Kiswahili yalitoka safi kwa sababu herufi zake ni za kawaida, ila jina la ukoo lenye kibainishi, Ng'wandu, lilitoka Ngwandu, na kwenye namba ya stakabadhi sifuri moja iligeuka herufi O. Katika barua ya salamu makosa hayo yangepita. Kwenye karatasi inayokwenda kuoneshwa mpakani pamoja na kitambulisho, jina lisilolingana na kitambulisho ni sababu tosha ya gari kulala njiani. Majedwali yalikuwa mabaya zaidi. Orodha yenye safu za jina, magunia, kilo na bei ilimwagika yote kama mstari mmoja mrefu, na kuipanga upya kulichukua muda kuliko kuichapa. Na maandishi ya mkono kutoka daftari la mwaloni, lililoshikwa na vidole vyenye mafuta ya samaki, programu haikuyaweza kwa kiasi cha kutumainiwa. Ofisi imeamua: barua za kuchapwa zinanaswa, majedwali na daftari vinachapwa kwa mkono, na majina na namba zote zinasomwa kwa sauti mbele ya mteja kabla ya kuchapishwa.

Kijana alitafuta pia vitu alivyovisikia kwenye matangazo, hasa kile cha kuikumbuka kila skrini uliyowahi kuifungua, asivipate. Hivyo ni vya kompyuta za kundi la Copilot+, zinazohitaji prosesa maalumu ya akili bandia, RAM ya gigabaiti 16 na hifadhi ya gigabaiti 256 kwa uchache. Manukuu ya moja kwa moja aliyapata, yale yanayoandika maneno ya video inayochezwa, lakini Kiswahili hakimo katika lugha yanazozitambua. Vilevile aligundua kwamba kompyuta mbili zilizosasishwa siku moja hazikuwa na vitu sawasawa, jambo linalotokana na Microsoft kuwasha baadhi ya vipengele kwa awamu. Ukimwona jirani ana kitufe ambacho wewe huna, si lazima kuna kilichoharibika kwako.

Jingine alilolileta kwa furaha kama jipya, historia ya ubao wa kunakili inayofunguliwa kwa kitufe cha Windows pamoja na V, lilikuwepo tangu 2018 kwenye Windows 10. Sasisho lilimfanya atazame tu. Lakini kwenye kompyuta ya kaunta kipengele hicho kinahitaji tahadhari, kwa sababu kinahifadhi hadi vitu 25 vilivyonakiliwa, na mteja anayesimama pembeni ya skrini anaweza kuona namba ya mlipakodi ya aliyemtangulia. Ofisi imekizima kaunta na kukiacha nyuma.

Kuna na kilichoondolewa. WordPad haimo tena kuanzia toleo la 24H2, na barua za zamani za wateja zilizohifadhiwa kwa muundo wa RTF zikawa hazina programu ya kuzifungua kaunta, ambako hakukuwa na programu nyingine ya ofisi. LibreOffice, ambayo ni ya bure, ilizifungua zote.

Kwa sasa mgawanyo wa kompyuta umebadilika. Kaunta ndiko majaribio yanakofanyika, Jumamosi jioni, kitu kimoja kwa wakati, na baada ya kila kimoja kijana anafungua folda, anachapisha ukurasa, anaskani karatasi, kisha anaandika kwenye daftari alichobadilisha. Kompyuta ya nyuma hupokea masasisho ya usalama tu kama kawaida na haijaribiwi kitu, safari hii kwa makusudi. Kompyuta kongwe imesajiliwa kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama wa Windows 10, ambao mtumiaji binafsi anaweza kuupata bila kulipa iwapo atahifadhi nakala ya mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft, nao utaifikisha hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo mwenye ofisi anataka iendelee kuskani bila intaneti, fundi anataka iwekewe Linux, mfumo endeshi wa bure, na kijana anataka inunuliwe nyingine. Bei ya skana inayokubali Linux ndiyo inayosubiriwa kabla ya kuamua.